Hema kando ya mto, mvua juu ya mlima

Zhanqian Road ipo mbele ya stesheni ya reli ya Guangzhou, ile iliyofunguliwa mwaka 1974, na aliyewahi kufuata nguo za jumla huko haisahau upesi. Marobota yaliyozungushiwa selotepu yanasukumwa kwa mikokoteni katikati ya miguu ya watu, na ukisimama kusoma ujumbe kwenye simu utaombwa njia kwa kelele. Nguo upande huu. Saa za mkononi na viatu kule jirani, Zhanxi Road. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh akishatoa oda na kulipa kianzio, kazi inayobaki ni kungoja. Kiwanda kinashona, wakala anasubiri kontena lijae, na mfanyabiashara anabaki na siku mbili tatu za kuhesabu vigae vya dari ya hoteli.

Kwa miguu anaweza kufika Liuhua, bustani yenye ziwa lililochimbwa mwaka 1958. Pana vivuli na mabenchi, lakini honi za barabarani zinasikika pale pale. Anayetaka usingizi wa hemani, mto pembeni na maporomoko ya maji juu yake, haimlazimu kutoka nje ya mipaka ya Guangzhou. Jiji hili ni kubwa kiasi kwamba lina milima yake.

Maporomoko hayo ni Baishuizhai, katika mji mdogo wa Paitan, kaskazini mwa wilaya ya Zengcheng. Maji yanashuka kwenye mwamba kwa jumla ya mita 428.5, kipimo ambacho wenyeji hukitaja kwa fahari. Hesabu hiyo inajumlisha mashuko kadhaa yanayofuatana, kwa hiyo si haki kuyapima moja kwa moja na Kalambo, pale mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo Sanje ya Udzungwa, yenye mita 170 hivi, ingeingia humo mara mbili, na Sheldrick ya Shimba Hills kule Kwale, yenye mita 21, ingeonekana kama kizingiti cha mlango. Hadithi za Kichina zinayahusisha maporomoko haya na He Xiangu, mwanamke aliye miongoni mwa Wanane Wasiokufa, ambaye Zengcheng inadaiwa kuwa kwao. Kandokando pamejengwa ngazi za kupandia mlimani, nazo hutangazwa kuwa 9,999. Magoti yatasema kama idadi ni ya kweli.

Safari yenyewe ni rahisi. Kutoka kituo cha stesheni ya reli mtu anapanda metro laini namba 5 hadi Yuancun, anabadili kwenda laini namba 21, anashuka mwisho wa njia, Zengcheng Square. Kutoka hapo ni basi au teksi hadi Paitan. Kikwazo kiko mlangoni. Kila mzigo unaoingia metro hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na mtungi mdogo wa gesi ya kupikia haupiti. Kisu kikubwa nacho kitaleta maneno. Kwa hiyo gesi hununuliwa huko huko, au mtu anakubali kula kwenye migahawa ya Paitan, jambo ambalo kwa kusema kweli si adhabu.

Kupiga kambi kulishika kasi China baada ya 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya Uviko-19 na watu wa mijini wakakosa pa kwenda. Kila nyasi iliyo karibu na maji ikaota mahema. Wengi walikuwa wageni kabisa wa jambo hilo: wanajua hema lipi linapendeza kwenye picha, hawajui mto unafanya nini mvua ikinyesha mahali wasipopaona.

Tarehe 13 Agosti 2022, huko Longcaogou, mji wa Pengzhou mkoani Sichuan, watu walikuwa wamejaa kwenye korongo lenye maji ya kufika magotini. Palikuwa pamefungwa kwa amri, lakini picha za mtandaoni zilikuwa zimepafanya maarufu. Mchana huo maji yalishuka kwa ghafla kutoka milimani. Watu saba walikufa. Novemba mwaka huo huo, wizara na idara 14 za serikali ya China zilitoa mwongozo wa pamoja kuhusu kambi za mapumziko, usalama ukiwa mojawapo ya mambo makuu.

Afrika Mashariki haina haja ya kwenda Sichuan kupata mfano. Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna korongo jembamba ambalo siku nyingi mtu hulipita bila kulowesha soksi. Aprili 2012 mafuriko yaliwachukua vijana saba wa kundi la kanisa. Septemba 2019 yakawachukua watu saba tena, mwongoza watalii akiwa mmoja wao. Na Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake Maasai Mara, ukaingia kwenye kambi za kitalii zilizojengwa ukingoni kabisa, wageni wakaokolewa kwa helikopta na boti.

Kinachotokea ni hiki. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mlima wenye mawe, maji hayapati muda wa kuzama ardhini. Yanatelemka kwa pande zote na kukutana kwenye bonde moja, na bonde hilo ndilo lenye mto ambao mpiga kambi amelala kando yake. Chini huku jua linaweza kuwa linawaka. Dalili za kwanza ni ndogo: maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vibichi vinaanza kuelea, jiwe lililokuwa kavu linalowa. Akishaziona, mtu hakunji hema. Anashika watoto na kupanda juu, hema litajijua.

Maporomoko yanaongeza hatari ambayo wengi hawaifikirii. Yanapiga kelele. Penye mto wa kawaida mngurumo wa maji yanayokuja husikika kabla hayajafika. Chini ya maporomoko sauti hiyo humezwa. Pia mwamba hudondosha mawe, mvuke hulowesha kila kitu, na mwani wa kijani juu ya mawe unateleza kuliko sabuni. Ndiyo maana mahali pazuri pa kupigia picha si mahali pa kulala.

Basi hema liwekwe wapi? Mpiga kambi mzoefu hutazama kwanza ukingo wa pili. Takataka zilizonasa matawini, nyasi zilizolala upande mmoja na mstari wa matope kwenye magogo vinaonyesha mto ulifika wapi mara ya mwisho. Hema linawekwa juu ya alama hizo, tena juu sana, mlango ukielekea njia ya kukimbilia. Kisiwa cha changarawe katikati ya mto, kinachopendwa kwa kuwa ni safi na tambarare, kimesafishwa na mafuriko yenyewe. Kambi zenye leseni zinatarajiwa kuwa zimeshafanya uchunguzi huo; uliza kama zina mtu wa kuamsha watu usiku. Kwa upande wa nyumbani, anayekwenda Sanje anaweza kulala kambi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, karibu na lango la Mang'ula, na maporomoko akayapanda mchana akiwa na mwongozaji.

Kwa mgeni aliyepo China kuna suala la pasipoti. Hoteli humsajili mgeni polisi yenyewe. Anayelala mahali pasipo hoteli, sheria inamtaka yeye au mwenyeji wake kujiandikisha kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24. Hema la porini halina mapokezi. Njia isiyo na usumbufu ni kuuliza kambi kabla ya kulipa kama inasajili wageni wa nje, au kulala nyumba ya wageni Paitan na kushinda mtoni mchana kutwa. Wenye biashara ya kuendeleza hawana sababu ya kuchezea viza kwa ajili ya usiku mmoja.

Halafu kuna kalenda. Maonyesho ya biashara ya Canton, ambayo tangu 1974 hadi 2008 yalifanyika eneo la Liuhua, hatua chache kutoka Zhanqian Road, sasa yako Pazhou, lakini bado hujaza Waafrika kwenye hoteli za karibu na stesheni. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, kila msimu kwa awamu tatu zenye siku tatu za kupumua katikati. Msimu wa vuli huanza 15 Oktoba, na mapumziko huangukia tarehe 20 hadi 22, kisha 28 hadi 30. Wakati huo mvua nyingi za mkoa wa Guangdong huwa zimekwisha, wiki ya sikukuu ya taifa inayojaza watu kila mahali imepita, na joto limepungua. Maporomoko huwa yamekonda kidogo, ila mto unatabirika zaidi.

Mapumziko ya Aprili yana tarehe zile zile, 20 hadi 22 na 28 hadi 30, lakini mto si ule. Mvua huwa zimeanza, na huendelea kuzidi hadi zile za mwishoni mwa Mei na Juni ambazo wenyeji huzihusisha na mashindano ya mashua za joka. Julai hadi Septemba ni zamu ya tufani. Baishuizhai hupendeza zaidi wakati huo, ukuta mzima wa mwamba ukiwa mweupe kwa maji. Anayefika Aprili na ayatazame mchana, apige picha zake, kisha arudi kulala kwenye nyumba ya matofali.