Chanjo ya Hija kwa Mwenye Kisukari

Kila haji hutakiwa kuchanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kufika Saudia. Baadhi ya wazee wetu wenye kisukari hushtuka kesho yake: kipimo kimepanda, na chakula ni kilekile! Mwili unapojenga kinga huweza kutoa homoni zinazopandisha sukari, kama wakati wa homa. Aghalabu hutulia baada ya siku chache. Wengine huzidisha vidonge kwa kukisia, na hilo tunalihofia zaidi, kwani sukari yaweza kushuka mno. Tuwapimie mara kwa mara, wanywe maji, wasiache dawa. Wakitapika, au sukari ikikataa kushuka, tuwapeleke hospitali siku hiyohiyo.