Vimeng'enya vya Bakteria katika Utiaji Rangi wa Sufu

Vyama vinavyosokota sufu na kuitia rangi za mimea vinazijua vyema hasara mbili: kuni nyingi huteketea kwa kuchemsha, na hata hivyo baadhi ya vitita vya uzi hutoka vimefifia. Lawama humwangukia mtia rangi. Mara nyingi kizuizi kimo katika unywele wa sufu wenyewe.

Unywele huo umefunikwa kwa magamba yaliyopandana kama vigae vya paa, na juu yake upo utando mwembamba sana wa mafuta. Kufua kwa sabuni huondoa mafuta ya kawaida ya kondoo, lakini utando huu hubaki na kuzuia maji ya rangi kupenya. Ndiyo sababu sufu huchemshwa kwa muda mrefu, jambo ambalo nalo hudhoofisha uzi.

Baadhi ya bakteria wa jamii ya Bacillus hutoa proteasi, yaani kimeng'enya kinachokata protini, kama kile kilichomo katika sabuni nyingi za unga. Sufu nayo ni protini. Proteasi ikitiwa katika maji ya moto kiasi yenye alkali kidogo, huyala magamba na kuifungulia rangi njia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 juu ya mizizi ya runasi, itoayo wekundu wa mazulia ya Iran, ulionyesha kuwa uzi uliotangulia kupitishwa katika proteasi ulikolea zaidi.

Lakini kimeng'enya hakijui magamba yanapoishia. Kikiachwa, hupenya na kula kiini cha unywele, uzi ukapungua uzito na kukatika mikononi mwa mfumaji. (Ndiyo maana sabuni za namna hiyo huandikwa zisitumiwe kwa sufu wala hariri.) Watafiti wamejaribu kukiambatanisha na molekuli kubwa ili kisipenye ndani, fundi wa kijijini hana budi kutegemea saa na kipimajoto.

Chama kinachotaka kujaribu kisianze na mzigo mzima. Vitita vidogo vilivyofuliwa na kupimwa uzito vitiwe katika maji ya digrii 50 hivi za Sentigredi, kwa kipimo alichoagiza muuzaji. Kila baada ya dakika 10 kitolewe kimoja na kuwekwa katika maji yenye siki, ambayo huzuia kazi ya kimeng'enya, kisha kisuuzwe. Kitita kimoja kibaki bila kuguswa. Vyote vitiwe shabu kama kawaida, maana kimeng'enya hakichukui nafasi ya shabu, na vitiwe rangi katika sufuria moja. Kitita kilichokolea vizuri lakini kikakatika upesi kuliko kile kisichoguswa kihesabiwe hasara.

Vumbi la vimeng'enya lisivutwe puani. Mwaka 1969 Uingereza ilichapishwa taarifa ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni waliougua kifua kwa sababu hiyo. Ni afadhali kununua kimeng'enya cha majimaji, kuvaa glavu, na kutenga vyombo vya kazi hiyo mbali na vya kupikia.