Mbwa Achimbaye Uani na Njia za Kumzuia

Mbwa ni mlinzi wa mji, na mwenye mbwa mwema hulala usingizi. Walakini wako wengi walioamka asubuhi wakaona matuta ya mchicha yamefukuliwa, miche imelala mizizi juu, na kando ya ukuta pana shimo la kumtegua mtu mguu. Mwenye mji hushika fimbo akampiga mbwa, au humfunga mnyororo mchana kutwa. Na kesho yake shimo jingine liko. Sababu ni kwamba mbwa hachimbi kwa ukorofi, bali huchimba kwa haja yake, na asiyeijua haja ile atafukia mashimo siku zote. Haja zilizo kubwa ni tano, na kila moja ina dalili yake na dawa yake.

Kwanza ni joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama binadamu. Jasho lake ni kidogo tu katika nyayo, naye hujipoza kwa kuhema ulimi nje. Udongo wa chini una baridi kuliko wa juu, basi huufukua akalala humo. Shimo la namna hii ni pana, halina kina, nalo huwa kivulini au karibu na mtungi uvujao. Dawa yake ni banda dogo la makuti au nyasi lipitishalo upepo, na maji safi katika chombo kizito kisichopinduka.

Pili ni windo. Mbwa husikia sauti nyembamba zisizosikika kwetu, na pua yake humwonyesha panya na fuko walio chini ya ardhi. Huko Ujerumani watu walikuza kwa makusudi mbwa wa miguu mifupi aitwaye dachshund, apate kuingia mashimoni kumfuata mnyama afananaye na nyegere. Ukiona mashimo yamefuatana kwa mstari, au yamekusanyika kando ya ghala, jua kwamba mbwa afanya kazi yake. Adui hapo ni panya, si mbwa. Fyeka majani, inua nafaka juu, na uweke mitego. Usitupe sumu ovyo, kwani mbwa alaye panya aliyekufa kwa sumu aweza kufa naye.

Tatu ni chakula. Mbwa aliyeshiba hufukia mfupa kwa akiba, tena huvutwa na harufu ya vitu tuvifukiavyo sisi, kama matumbo ya samaki na mbolea ya mifupa. Takataka za namna hiyo na zitiwe katika shimo lenye kifuniko kizito. Hapa pana hatari kubwa kuliko kuharibika kwa mchicha. Mnyama akifa ghafula, na damu isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, yawezekana kuwa amekufa kwa kimeta. Mzoga huo usipasuliwe, usichunwe wala usiliwe, na afisa wa mifugo apewe habari mara moja, ili asimamie kuuteketeza kwa moto au kuufukia chini sana, yapata futi 6, mbali na maji. Mzoga uliofukiwa juu juu mbwa huufukua akautawanya. Na mbegu za kimeta hukaa udongoni miaka makumi, zikingoja ng'ombe wa kesho.

Nne ni kutoroka. Shimo lililo chini ya ua wa miti au seng'enge ni la mbwa atakaye kwenda nje, na mara nyingi ni jike ahitajiye dume, au dume aliyesikia harufu yake. Panga mawe makubwa kufuata ua, uyazike nusu yao, na ikiwezekana mwite mganga wa mifugo amhasi. Mbwa atembeaye usiku aweza kuumwa na mwenye kichaa, akakileta nyumbani. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, kinga ya ugonjwa huo yajulikana. Basi mbwa na achanjwe kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwani dalili zikisha kuonekana ni nadra sana mtu kupona.

Tano ni kukaa bure. Mbwa kijana afungwaye kutwa hana mchezo ila udongo. Mtembeze asubuhi na jioni, na umpe mfupa mkubwa mbichi autafune.

Tena yafaa kumfundisha. Mbwa akipigwa saa moja baada ya kuchimba hajui kosa lake. Hujua tu kwamba bwana wake ni mkali. Ukimkuta akichimba, mwite papo hapo, umpeleke penye mahali pake mwenyewe: kipande cha ardhi cha futi 4 hivi chenye mchanga laini kivulini, ambamo umefukia mfupa. Akichimba hapo, msifu. Vitalu vya miche vifunike kwa matawi ya miiba au fito zilizofumwa mpaka miche ishike. Wako wamwagao pilipili au mafuta machafu ya motokaa. Lakini pilipili humwumiza mnyama macho na pua, na mafuta huharibu udongo ule ule mtakao kuuhifadhi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, ndugu wasomaji, mwonapo shimo uani litazameni kwanza umbo lake na mahali lilipo, kisha ndipo mmtazame mbwa. Aliyejua sababu hatahitaji fimbo, na mlinzi wake hatamkimbia.