Askari Aliyeshika Kalamu

Mwaka 1976 kijana wa wilaya ya Gaomi, nchini China, ambaye masomo yake ya msingi yalikatizwa na Mapinduzi ya Utamaduni, alijiunga na Jeshi la Ukombozi la Umma. Mwaka 1984 jeshi lilimpokea katika Chuo chake cha Sanaa. Huko, kwa jina la Mo Yan, yaani “usiseme”, aliandika Mtama Mwekundu. Na mwaka 2012 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wapo waliomlaumu kuwa karibu mno na dola. Hata hivyo, riwaya yake ya mwaka 1988 iliwafichua viongozi waliowadhulumu wakulima wa vitunguu saumu. Ni dhahiri kwamba askari aliyefunguliwa mlango wa elimu hulitumikia taifa hata baada ya kuvua sare.