Mtaa wa Vilabu Ukigeuzwa Mtaa wa Maduka

Kila mji una mtaa wake usiolala. Mchana huonekana umechoka: mabati yenye kutu, mifereji iliyoziba, chupa tupu mlangoni. Jua likizama taa huwaka, muziki huvuma, na mshahara wa mwezi huyeyuka. Basi isemwapo kwamba vilabu vibomolewe yajengwe maduka ya ghorofa, familia nyingi hushangilia.

Watu wa Bukoba na Muleba wanazo sababu za kushangilia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Hapo mwanzo wananchi waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo za biashara zilizovushwa mpaka kutoka Uganda. Jina hilo lina fundisho. Lawama haikuwa ya kilabu peke yake, kwani nguo dukani nayo ilikuwa kishawishi, na asiye na fedha alilipa kwa mwili wake.

Kwa hiyo swali si ghorofa ngapi zitajengwa, bali nani atapewa chumba. Mama anayeuza rubisi ya ndizi na mtama hulipia watoto shule kwa pombe hiyo. Akiondolewa bila kuonyeshwa pa kwenda, ataihamishia biashara yake uchochoroni, kusiko na taa wala mgambo.

Mwaka 2013 mradi wa soko jipya la Bukoba uliwagawanya madiwani, hata mambo yakafika kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Soko ni la wote. Mipango yake haina budi kuwekwa wazi kwa wote.

Tena ardhi ya Bukoba haitaki mzaha. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Na huko Kariakoo, Novemba 16, 2024, jengo la maduka liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Ndugu msomaji, mtaa wa vilabu na usafishwe. Lakini kabla ya nyundo ya kwanza, wauzaji waandikwe majina, vyumba vidogo vitengwe kwa kodi wanayoiweza, na wahandisi wapime udongo. Bila hayo tutakuwa tumepaka rangi ukuta, na dhiki tumeihamishia mtaa wa pili.