Koki ya bei nafuu yaweza kuzamisha mtaji wa mwenye chombo

WAMILIKI wengi wa majahazi ya mizigo na boti za matanga zinazobeba watalii hawasiti kutumia fedha nyingi kwa mbao, injini na matanga. Lakini inapofika zamu ya fitingi za ubavu, hununua chochote kinachopatikana katika duka la vifaa vya ujenzi.

Fitingi ya ubavu ni bomba fupi linalotoboa chombo chini ya usawa wa maji, likiwa na koki kwa ndani. Hapo ndipo huingia maji ya kupoza injini, na hapo ndipo hutoka maji ya choo au sinki. Ikikatika, bahari huingia bila kizuizi. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza takriban lita 140 kwa dakika, yaani zaidi ya tani 8 kwa saa. Mabaharia wawili wakifua maji kwa ndoo watachoka mapema, na shehena ya unga, sukari au saruji itakuwa imeshaharibika.

Si kila shaba ni shaba

Koki za kawaida za nyumbani hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo hukaribia asilimia 40 ya zinki. Maji ya chumvi huinyonya zinki hiyo kidogo kidogo, na kinachobaki ni shaba yenye vitundu kama sifongo. Kwa macho koki huonekana nzima, lakini huvunjika kwa kugongwa kidogo. Dalili yake ni rangi: ikikwaruzwa, badala ya manjano huonekana wekundu wa waridi. Koki ya namna hiyo iondolewe mara moja.

Inayofaa ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati, yenye zinki kidogo au isiyo nayo kabisa. Ipo pia shaba ya njano iliyotengenezwa kuhimili chumvi, ambayo hupigwa chapa ya herufi DZR au CR. Isiyo na chapa wala maelezo ya muuzaji ni bora iachwe.

Aidha, koki ya mpini wa robo mzunguko ni bora kuliko ya gurudumu, kwa kuwa mpini huonyesha wazi kama imefungwa au imefunguliwa.

Hesabu ya gharama

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Koki ya shaba ya njano inauzwa Sh50,000 na kudumu miaka mitatu. Ya bronzi Sh150,000 na kudumu miaka 15. Katika miaka 15 mwenye chombo atanunua ile ya kwanza mara tano kwa Sh250,000. Hapo bado malipo ya fundi na siku ambazo chombo kimelala pwani bila kuingiza kitu. Kilichoonekana rahisi dukani kimekuwa ghali.

Kufunga

Kazi hii haifai kufanywa kwa haraka kati ya maji kupwa na kujaa, kwa sababu gundi nyingi za baharini huhitaji siku kadhaa kukauka. Njia nzuri ni kukipandisha chombo maji yanapojaa wakati wa bamvua, kikae pakavu kipindi cha maji mafu, kisha kielee bamvua linalofuata baada ya wiki mbili hivi. Muda huo utumike pia kwa kalafati na rangi, ili gharama ya kupandisha chombo iwe moja.

Fitingi ya zamani ikishatolewa, mbao zinazozunguka tundu zichokonolewe kwa ncha ya kisu. Penye ulaini pabadilishwe. Kwa ndani kiwekwe kibao cha mbao ngumu, kama mvule, ili nati isikandamize ubao wa chombo peke yake.

Kabla ya kupaka gundi, vifaa vifungwe kwanza vikavu. Koki ikikwama baada ya mizunguko miwili au mitatu, huenda thredi hazilingani: moja imenyooka na nyingine imechongoka. Kulazimisha kwa spana hakusaidii; itafutwe inayolingana.

Gundi iwe ya baharini, si silikoni ya madirisha. Mtu mmoja ashike bomba kwa nje lisizunguke, mwingine akaze nati kwa ndani. Isikazwe hadi gundi yote itoke. Mpira wa maji ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Siku ya kuelea, kila fitingi ikaguliwe kabla ya kupakia mzigo. Baada ya hapo koki zifungwe na kufunguliwa kila mwezi zisigande, na kando ya kila moja kifungwe kizibo cha mti laini kinachotosha tundu lake. Kizibo hicho fundi seremala hukichonga kwa dakika chache, na siku ya dharura ndicho kitakachookoa chombo, mzigo na maisha ya mabaharia.