Trela ya kulala porini: pesa itie kwenye magurudumu

Kama kazi yako inakutoa Kisangani kukupeleka ng'ambo ya Bengamisa, njia ya Banalia, amua mapema kabla mvua za Septemba hazijakolea. Umeme wa bwawa la Tshopo haukufuati huko. Utalala na kupika kwa ulichobeba.

Trela-nyumba ya kuagiza, yenye vitanda na jiko ndani, achana nayo. Bei ya muuzaji ni mwanzo tu. Ikishukia Matadi kuna ushuru, kuna barabara hadi Kinshasa, halafu kuna boti la mizigo la kupanda mto zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kisangani. Ikipitia Mombasa inavuka Uganda na kuja kwa njia ya Beni, ambako usalama ni shida nyingine. Na kuta zake nyepesi ziliundwa kwa ajili ya lami. Zikiachia, kipuri hukipati.

Bajaji ya mizigo iliyofunikwa turubai ni nafuu kwa asiye na gari. Lakini malori yameshachimba mifereji miwili barabarani, na gurudumu lako la mbele litapanda tuta la matope katikati. Kiangazi inafaa, masika utaisukuma.

Ninayoipendekeza ni trela ya kuchomelewa mjini. Ikivunjika, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea ataitengeneza. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, uliza ekseli imetoka gari gani, kisha pima matundu ya nati. Magurudumu yakilingana na ya gari lako, spea moja inahudumia yote. Yasipolingana, gharama ya spea ni mara mbili, na fundi hatakuambia.

Kwenye betri ndipo watu wanapoliwa. Ya risasi ya ampea-saa 100 ni rahisi kupata, ila ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo umenunua wati-saa 600 hivi, na mzigo wa kilo 25 au zaidi. Ya lithiamu ya ampea-saa 50 inakupa karibu kiasi hicho kwa uzito mdogo sana. Bei yake inauma. Kwa safari moja, chukua ya risasi. Kwa safari za kila mwezi, jikaze ununue lithiamu. Betri ibebe mkononi kwanza: ya risasi iliyoandikwa 100 lakini nyepesi kama sanduku tupu, irudishe.

Paneli ya wati 100, kwa mawingu yetu, ihesabie wati-saa 300 kwa siku. Taa na simu hazitaimaliza. Friji itaimaliza, basi sahau friji. Kidhibiti chaji, waya mnene na fyuzi huuzwa kando, kwa hiyo ulizia bei ya vyote pamoja. Ukilipa kwa franka, uliza kiwango cha dola kabla ya bei. Ukilipa kwa dola, kagua noti zako: yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa.

Kulala hakuhitaji makuu: mbao, godoro la sponji, chandarua chenye dawa, turubai refu kuliko trela. Maji, bidoni za lita 20. Mtungi wa gesi ukiisha ni kurudi mjini. Makaa ya kupikia utayanunua njiani.

Ukifika Bengamisa, kama kilomita 50 toka mjini, simama ukaze nati zote upya. Trela mpya hulegea safari ya kwanza.